Mikono Iliyoijenga Mbozi Misheni

Waandishi wa tarikhi wana desturi ya kuelekea palipo na kelele. Huandika habari za miji yenye bandari na ngome, za mahali palipopiganwa vita na palipotiwa saini mikataba, na za masoko ambamo fedha ya mataifa mengi ilibadilishana mikono. Mji mdogo wa watu wa kazi, usio na bandari wala soko kubwa, hupewa mstari mmoja tu kitabuni. Na aghalabu mstari huo hutaja jina la mtu aliyetoka mbali, na mwaka aliofika, kisha kitabu huendelea na mambo mengine.

Mbozi Misheni, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe, kusini-magharibi ya Tanzania, ni mahali pa namna hiyo. Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tunduma aweza kuimaliza safari yake asijue kuwa pako. Kuna kanisa, hospitali na shule. Kuna mafundi wa mbao na waashi. Na kandokando yake kuna mashamba ya kahawa na mahindi. Watu huamka mapema, hushika kazi, na usiku ukiingia mji hulala. Mstari wake kitabuni ni huu: kituo kilianzishwa mwaka 1899 na mmisionari wa Kijerumani wa Kanisa la Moravian, Traugott Bachmann.

Mstari huo ni wa kweli, walakini haukamiliki. Kuanzisha ni kitendo cha siku moja, na kujenga ni kazi ya miaka mingi. Swali linalostahili kuulizwa juu ya mji huu ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: ni nani aliyeujenga, na ni nani aliyeufanya usife? Jibu lake halina budi kutafutwa katika kazi za mikono, tangu kabla ya jina la Misheni kutajwa katika nchi ile.

Nchi yenyewe ni uwanda ulioinuka, kati ya bonde la Ziwa Rukwa upande wa kaskazini na nchi za mpakani upande wa kusini. Kuna mito miwili iitwayo Songwe katika pande hizo: mmoja humwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, na wa pili hushuka mpaka Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Wenyeji wa uwanda huo ni Wanyiha. Majirani zao ni Wanyamwanga wa upande wa Tunduma, Wandali na Walambya wa milimani kusini, na Wasafwa wa upande wa Mbeya. Chakula chao cha asili kilikuwa ulezi. Walikata matawi ya miti msituni, wakayachoma, wakapanda katika majivu. Na mahali penye nyasi tupu waligeuza udongo pamoja na nyasi zake, wakazichoma, wakapata rutuba. Kilimo hiki kilihitaji shoka na jembe, na Wanyiha hawakuwa watu wa kungoja majembe ya wageni. Walikuwa wahunzi.

Ufundi wa chuma wa Wanyiha ulijulikana mbali. Walichimba mtapo, wakakata miti wakachoma makaa, wakajenga kwa udongo tanuru refu lililozidi kimo cha mtu. Tanuru hilo halikuvuviwa kwa mikono. Lilikuwa na matundu chini yake kulizunguka, na hewa iliingia yenyewe kwa nguvu ya moto uliokuwa ukipanda. Kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma, nacho kilitiwa mara ya pili katika tanuru dogo lenye mivukuto, kikasafishwa, kisha mhunzi akakifua kuwa jembe, shoka, mkuki au kisu. Beverly Brock, aliyechunguza habari za Wanyiha katika miaka ya 1960, aliandika juu ya kazi hii pamoja na P. W. G. Brock, na maandishi yao yaliyochapishwa mwaka 1965 ni miongoni mwa machache yaliyohifadhi ufundi huo.

Yafaa kuitazama kazi hiyo vizuri. Tanuru moja lilitaka watu wa kuchimba, wa kukata miti, wa kuchukua mizigo, wa kukanda udongo, na juu yao wote mtu mmoja mwenye maarifa ya kujua mtapo mwema na mbaya, na kujua kwa rangi ya moto kama kazi imeiva. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Yalikaa katika macho na viganja vya watu, yakapokewa na mwana kutoka kwa baba au na kijana kutoka kwa fundi wake. Majembe yalitembea katika biashara, yakatolewa mahari, yakafanya nyumba mbili kuwa ukoo mmoja. Basi kabla ya kuwako mji, wenyeji wa Mbozi walikwisha kujua kugawana kazi, kumtii fundi, na kuuthamini mkono unaojua.

Lakini utulivu haukuwapo. Nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa zama za hofu katika nchi zote za huko. Wasangu wa Merere, Wabemba, Wangoni na Wahehe walishambulia kwa nyakati mbalimbali, na biashara ya watumwa ilimfanya kila mtu dhaifu kuwa bidhaa. Wanyiha walikaa katika vijiji vilivyozungushiwa maboma ya miti. Mwanamke aliyekwenda kisimani au shambani alikuwa katika hatari ya kutekwa, na aliyefiwa na jamaa zake wa kumtetea aliweza kuhamishwa kutoka mkono hata mkono kama deni. Elise Kootz-Kretschmer, aliyefanya kazi Utengule katika nchi ya Wasafwa, aliandika simulizi za maisha ya watu wa zama hizo kwa vinywa vyao wenyewe. Na baadaye Marcia Wright alizichunguza simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1993, akaonyesha jinsi wanawake walivyotafuta kimbilio na ulinzi. Jambo hili lazima likumbukwe kila inaposemwa kwamba Mbozi ni mahali pa kimya. Kimya hicho si cha asili. Watu walikitafuta, wakakinunua kwa gharama.

Katika hali hiyo ndipo Wamoravian walipofika. Walikuwa wamejenga kituo chao cha kwanza Rungwe mwaka 1891, wakaendelea kuvijenga vingine katika Unyakyusa na Usafwa. Bachmann alikuwa amekwisha kufanya kazi miaka kadhaa miongoni mwa Wanyakyusa kabla ya kuhamia Unyiha. Kanisa lililomtuma lilikuwa na tarikhi inayofaa kujulikana na kila asomaye habari za Mbozi, maana ni tarikhi ya miji midogo ya mafundi. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia, waliokimbia mateso kwa ajili ya imani yao, walipokewa katika shamba la bwana mmoja wa Saxony, Count Zinzendorf, wakajenga hapo kijiji cha Herrnhut. Aliyeuangusha mti wa kwanza wa kujengea alikuwa seremala, jina lake Christian David. Tangu hapo Wamoravian walijenga makao ya namna moja katika pande nyingi za dunia: Genadendal katika Afrika ya Kusini, alikoanza kazi Georg Schmidt miaka ya 1730; Bethlehem katika Pennsylvania, mwaka 1741; na mengine mengi. Kila mahali mpango ulikuwa karibu mmoja: kanisa katikati, shule kando yake, karakana za maseremala, wahunzi na washonaji, na mashamba kuzunguka. Wamisionari wao wengi wa kwanza hawakuwa wasomi wa vyuo vikuu. Walikuwa watu wa randa na nyundo.

Hivyo basi katika Mbozi walikutana watu wa aina mbili walioijua kazi ya mikono, kila mmoja kwa njia yake. Mgeni alikuja na ramani ya kijiji cha mafundi moyoni mwake. Mwenyeji alikuwa na mikono iliyozoea udongo, moto na mbao. Nyumba ya misheni haikujengwa kwa ramani peke yake. Udongo ulikandwa na wenyeji, matofali yalifyatuliwa na wenyeji, magogo yalipasuliwa na wenyeji, na maji ya kazi yote yalitekwa, kwa kawaida ya nchi, na wanawake. Tangu mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilikuwa ikitoza kodi ya nyumba, na mtu asiye na fedha alilazimika kuitafuta kwa jasho. Kazi ya misheni ilikuwa mojawapo ya njia za kuipata. Haifai kulipaka jambo hili rangi ya hisani tupu. Wako waliokuja kwa imani, wako waliokuja kwa hofu ya vita, na wako waliokuja kwa ajili ya kodi. Waliokaa katika ardhi ya misheni walitakiwa kufuata kanuni zake. Lakini wote walijenga, na majengo hayawezi kutambua tofauti ya nia zao.

Habari za Bachmann mwenyewe zinathibitisha neno hili, maana yeye alikuja kufundisha akaishia kufundishwa. Mwanzoni aliziona mila za Waafrika kuwa giza la kuondolewa. Kadiri alivyokaa, akazidi kujifunza Kinyiha, na kadiri alivyojifunza Kinyiha, akazidi kuona kwamba alichokidharau kilikuwa na maana na adabu yake. Akabadili mwendo wake. Alikubali kuwabatiza wanaume wenye wake wengi bila ya kuwalazimisha kuwafukuza wake zao, kwa sababu aliona kwamba mke anayefukuzwa kwa jina la dini ametendewa dhuluma. Jambo hili lilimletea lawama nyingi kwa wenziwe, naye hakulificha katika habari za maisha yake zilizochapishwa baada ya kufa kwake. Klaus Fiedler, katika uchunguzi wake juu ya wamisionari wa Kijerumani Tanzania, amempa nafasi kubwa miongoni mwa wale waliokubali kwamba kanisa la Waafrika lazima lisimame juu ya misingi ya jamaa na mila za Waafrika.

Mwaka 1913 Agano Jipya lilichapishwa kwa Kinyiha. Vitabu humtaja Bachmann kuwa mfasiri, na ni haki atajwe. Lakini mfasiri wa kigeni hana maneno ila yale aliyopewa. Kila neno la toba, rehema, ahadi na urithi lilitoka katika kinywa cha Mnyiha aliyeketi akafikiri, akakataa neno hili, akaleta lile. Lugha iliyokuwa ya shambani, ya tanuru na ya baraza la wazee ikaingia katika chapa. Hii nayo ilikuwa kazi ya ufundi, na mafundi wake wengi hawakuandikwa kwenye jalada. Bachmann alijaribu kulipa sehemu ya deni hilo alipoandika kwa Kijerumani kitabu kidogo juu ya maisha ya Mnyiha mmoja, Ambilishiye, kilichotoka Herrnhut mwaka 1917. Ni nadra kwa kitabu cha zama zile kubeba jina la Mwafrika asiyekuwa mtawala wala shujaa wa vita.

Kitabu hicho kilipotoka, mwandishi wake hakuwako tena Mbozi. Katika Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa wakaondolewa katika nchi. Hapa ndipo jibu la swali letu linapodhihirika kuliko mahali pengine popote. Kama mji huu ungalikuwa kazi ya mmisionari, ungalikufa siku ile alipochukuliwa. Mabomba ya maji ya kigeni hukauka akiondoka fundi wake wa kigeni; na wengi walitazamia kwamba vituo vile vitakuwa magofu.

Yaliyofuata yalikuwa miaka mizito. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa vita, kazi iliyojulikana kwa jina la tengatenga, na wengi waliochukuliwa katika nchi hizo hawakurudi. Majeshi yalikula chakula cha vijiji. Mwishoni mwa mwaka 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita pande hizo likielekea Rhodesia ya Kaskazini, likaishambulia Fife, karibu na mpaka, mwanzoni mwa Novemba, kabla ya kuweka silaha chini Abercorn tarehe 25 ya mwezi ule ule. Nyuma ya vita ukaja ugonjwa wa homa ya mafua, ulioua watu duniani pote. Katika muda huo wote walimu na wazee wa kanisa wa Kinyiha ndio walioendelea kukusanya watu, kufundisha watoto, kuzika wafu na kuamua magomvi. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walipewa uangalizi wa vituo vya Wamoravian katika miaka iliyofuata, lakini walikuwa wachache na nchi ni pana. Uangalizi wa mbali hauezeki paa linalovuja. Wamoravian waliporuhusiwa kurudi, katikati ya miaka ya 1920, hawakukuta magofu. Walikuta kanisa lililo hai, lenye viongozi waliozoea kujiongoza. Karibu miaka kumi bila ya mwanzilishi ni hati ya kutosha ya kuonyesha mji ni wa nani.

Kuna hasara moja, hata hivyo, isiyopasa kufichwa katika sifa hizi. Wakati shule ilipokuwa ikifundisha kusoma na kuandika, na karakana ikifundisha useremala wa Kizungu, tanuru la chuma lilikuwa likizimika. Majembe yaliyotengenezwa viwandani Ulaya yalifika kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo, maana jembe lake lilikuwa na siku nyingi za kuchimba, kuchoma na kufua ndani yake. Fundi mzee aliendelea kwa muda, kisha akakosa mwanafunzi. Kijana mwenye akili alitaka kalamu au randa, akapata mshahara. Hakuna aliyetoa amri ya kuuua ufundi ule. Uliachwa tu, na maarifa ya viganja yasipopokewa huzikwa na mwenyewe. Wachunguzi walipokuja kuandika, waliandika kwa kuwauliza wazee waliokumbuka.

Katika mwaka 1930 lilitokea jambo linalofanana na fumbo. Mpimaji mmoja, W. H. Nott, alilitangaza kwa ulimwengu pande kubwa la chuma lililolala mlimani katika nchi ya Mbozi. Lilikuwa kimondo, lililoanguka kutoka mbinguni zamani zisizojulikana: urefu wake ni kama mita 3, uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi, na sehemu kubwa yake, karibu asilimia 90, ni chuma, na sehemu iliyobaki ni nikeli hasa. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa vilivyopata kuonekana duniani, na tangu mwaka 1967 kimehifadhiwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Wataalamu wa sayansi wa nchi za mbali hulijua jina la Mbozi kwa sababu ya jiwe hilo. Vitabu husema kuwa lilivumbuliwa na Nott, kama visemavyo kuwa mji ulianzishwa na Bachmann. Lakini wenyeji walikuwa wakipita mahali hapo siku zote, wakalijua lilipo. Ajabu ni kwamba dunia imekihifadhi chuma ambacho hakuna mkono uliokifanya, na imekisahau kile kilichofanywa na mikono.

Baada ya tanuru, kazi ya Mbozi ikawa kahawa. Mibuni ya kwanza ililetwa na wamisionari katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Baada ya Vita vya Kwanza walowezi, wengi wao Wajerumani waliorudi tangu mwaka 1925, walipata mashamba katika uwanda huo, wakapanda kahawa kwa ajili ya kuuza. Mnyiha akawa kibarua katika ardhi ya babu zake. Wengine walikwenda mbali zaidi: kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa upande wa Chunya, yaliyovuma sana katika miaka ya 1930, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine hata Afrika ya Kusini, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipoikomesha njia hiyo. Kila mwanamume aliyekwenda aliacha nyuma shamba lililolimwa na mkewe, na nyumba iliyosimamishwa na mamaye. Hesabu za migodi ziliandika zamu na mishahara ya waliokwenda. Kazi ya waliobaki haikuandikwa katika daftari lolote, na bila ya kazi hiyo kusingalikuwako mahali pa kurudi.

Vilipoanza Vita vya Pili, mwaka 1939, Wajerumani waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakachukuliwa kuwa mali ya adui. Baada ya vita hivyo kahawa ya wenyeji ndiyo iliyoshika nguvu. Wale waliojifunza kupogoa, kuchuma na kuosha buni katika mashamba ya wengine walifanya hayo sasa katika vihamba vyao wenyewe. C. Gregory Knight, katika kitabu alichokitoa mwaka 1974 juu ya kilimo cha Wanyiha, alieleza jinsi walivyoyachanganya mazao mapya na maarifa yao ya kale, wasitupe yote wala wasikubali yote.

Kahawa ya arabika ni zao la mikono yenye subira. Mbuni hungoja miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa kwa haki. Matunda yake hayaivi siku moja. Mchumaji hurudi katika mti ule ule mara nyingi, akichagua jekundu na kuliacha bichi. Yakichumwa hayana budi kumenywa upesi katika mashine ya kuzungushwa kwa mkono, yakachachushwa, yakaoshwa, yakaanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa mara kwa mara. Mvua ya ghafla ikikuta buni nje, jasho la mwaka huharibika kwa saa moja. Kuna chulebuni, kuna kutu ya majani. Na kituo cha utafiti cha Mbimba, katika wilaya hiyo hiyo, kimefanya kazi ya kutafuta miche inayostahimili maradhi hayo. Juu ya yote kuna bei, inayoamuliwa mbali na shamba. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980. Biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990. Kila badiliko lilitangazwa kuwa ni kwa faida ya mkulima, na kila mara mkulima aliamka asubuhi akaenda kwenye mibuni ile ile.

Wakati huo wote kelele za dunia zilipita karibu. Mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa tarehe 1 Julai 1890 ulichora mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukawagawa Wanyamwanga pande mbili. Ng'ambo ya mpaka huo Waskoti walijenga Mwenzo, kituo kingine cha kimya. Na kutoka Mwenzo, mwaka 1923, walimu na makarani, akiwamo Donald Siwale, waliunda chama cha kutetea hali za watu wao, mojawapo ya vyama vya awali kabisa katika nchi ambayo baadaye iliitwa Zambia. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa. Barabara kuu ya Zambia ikajengwa. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Vwawa na Tunduma. Miji hiyo ikakua. Tunduma ikawa mji wa malori, wabadilishaji fedha na nyumba za wageni. Na Mkoa wa Songwe ulipoundwa, mwaka 2016, makao yake yakawekwa Vwawa. Mbozi Misheni, iliyotangulia kuwa na shule na chapa ya kitabu, ikabaki pembeni. Hata shule zake, kama shule nyingi za misheni, ziliingia chini ya mamlaka ya serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969.

Mtu aweza kusema kwamba huko ni kushindwa. Kijana wa Mbozi Misheni atakaye biashara hupanda gari kwenda Tunduma, na wengi hawarudi ila kwa mazishi na sikukuu. Utulivu haumlishi mtu, na si haki kwa mgeni kuusifu utulivu ambao yeye mwenyewe hatakaa ndani yake. Vilevile mtu aweza kusema kwamba bila ya misheni kusingalikuwako shule, hospitali, wala mji. Na neno hilo nalo lina ukweli wake. Bachmann na wenziwe walileta kalamu, dawa na mbuni, na mwenye insafu hakanushi. Ubishi uliopo haumhusu yeye. Unahusu namna ya kuhesabu. Kama mjenzi ni yule aliyeonyesha mahali pa kuweka msingi, basi jina moja latosha. Kama mjenzi ni yule aliyefyatua tofali, akaezeka upya paa baada ya kila masika, akafundisha darasa bila ya mshahara vitani, akamchagulia mfasiri neno, akapogoa mbuni bei ilipoanguka, akauguza wagonjwa usiku, basi majina ni maelfu, na mengi yao ni ya wanawake.

Jambo hili si la Mbozi peke yake. Tanzania ina makao mengi ya namna hiyo, yaliyozaliwa kwa kituo cha misheni, kwa kiwanda cha katani, kwa stesheni ya reli au kwa mgodi, na tarikhi ya kila moja huanza kwa jina la mgeni na mwaka wake. Wanafunzi wa tarikhi wana kazi mbele yao. Katika madaftari ya kanisa kuna majina ya waliobatizwa na waliozikwa. Katika vyama vya msingi kuna orodha za wakulima. Katika nyumba kuna wazee wanaojua ni nani aliyepasua mbao za jengo fulani. Kinyiha bado kinasemwa, na majina ya zana na kazi nyingi yamo ndani yake. Ufundi wa chuma ulikuwa karibu kupotea wote kwa kuwa ulipuuzwa ulipokuwa hai. Ufundi wa leo, wa mwashi, wa seremala, wa mchuma kahawa na wa mkunga, uko katika hatari ile ile, kwa sababu unaonekana kuwa jambo la kila siku lisilohitaji kuandikwa.

Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika Mbozi Misheni mshindo huo ulisikika mwaka 1916, mwanzilishi alipoondolewa na mji ukaendelea. Tarikhi ya mji huo haina budi kuanza hapo, kisha irudi nyuma hata tanuru la kwanza la wahunzi, na iende mbele hata kichanja cha mwisho cha kahawa, ikitaja njiani kila jina litakaloweza kupatikana.